Mpala: shule ya kando ya ziwa, maandishi yaliyotoka humo, na kazi inayowangojea wanafunzi wa leo

Ukitoka Kalemie kwa boti ukaelekea kusini, ukifuata ufuko wa ziwa Tanganyika huku milima ya Marungu ikiwa upande wa kulia, unafika Mpala kabla ya Moba. Ni karibu kilometa 100 ukipima kwa mstari ulionyooka. Kwa njia ya maji ni mbali zaidi, na kwa barabara, kila mwenye kusafiri huko anajua mwenyewe. Wenyeji wengi wanapaita pia Lubanda. Kuna mto Lufuku unaoingia ziwani, kuna mitumbwi ya wavuvi, na kuna kanisa la matofali la misheni ya zamani. Mgeni anaweza kupita hapo asijue kwamba kijiji hiki kina nafasi yake katika historia ya masomo ya Kongo nzima.

Kwenye vyuo vikuu vya Kikristo vya mashariki, yaani Bukavu, Goma, Butembo, Bunia, siku hizi maneno hayaishi juu ya utafiti: profesa achapishe makala, mwanafunzi atetee mémoire yake, chuo kionyeshe kimetoa nini. Mambo hayo yanaonekana mapya. Lakini kuandika kwa walimu na wanafunzi pamoja ndani ya shule ya Kanisa kulianza hapa kwetu zaidi ya miaka 100 iliyopita, kwenye ufuko huu, kabla chuo kikuu chochote hakijafunguliwa Kongo.

Kabla ya shule, kulikuwa na kichwa cha mtu

Historia hii haianzi vizuri, na hakuna faida ya kuipamba.

Tarehe 4 Mei 1883, luteni mmoja Mbelgiji, Émile Storms, alianzisha kituo Mpala kwa jina la Association Internationale Africaine, ile jumuiya ya mfalme Leopold II. Kituo kilichukua jina la chifu wa hapo, Mpala. Ng'ambo ya ziwa, Karema (leo ni Tanzania), jumuiya hiyo ilikuwa na kituo kingine tangu mwaka wa 1879. Storms alijenga ngome, akajiingiza katika ugomvi wa machifu, akataka wote wamtii.

Mmoja aliyekataa ni Lusinga, chifu mwenye nguvu wa upande wa mlimani. Lusinga mwenyewe hakuwa malaika: alikuwa akikamata watu na kuwauza, na wasafiri wa Kizungu waliopita kwake kabla ya Storms waliandika hivyo. Desemba 1884 watu wa Storms walishambulia boma lake, wakamwua, wakamkata kichwa. Storms alikipeleka kile kichwa Ubelgiji, pamoja na vichwa vya machifu wengine wawili, na sanamu ya mbao ya jamaa ya Lusinga ambayo leo iko kwenye jumba la makumbusho la Tervuren.

Mwaka wa 1886, mjini Brussels, daktari Émile Houzé alitoa mbele ya jumuiya ya wanaanthropolojia kazi yake juu ya makabila ya magharibi ya ziwa Tanganyika. Ndani yake alipima yale mafuvu, upana na urefu, kama ilivyokuwa desturi ya wataalamu wa wakati ule, wakiamini eti umbo la fuvu linaonyesha akili ya mtu. Basi kazi ya kwanza ya "kisayansi" juu ya watu wa eneo la Mpala ilikuwa hiyo: kupima kichwa cha mtu aliyeuawa. Inafaa kulikumbuka jambo hilo, kwa sababu miaka 25 hivi baadaye kijana wa eneo hilo hilo la Marungu atachapisha mjini humo humo Brussels maandishi yake juu ya namna watu wake wanavyofikiri.

Mapadri Weupe wanaingia

Leopold alipopata Kongo yake kwenye mkutano wa Berlin, hakuhitaji tena vituo vya upande huu. Julai 1885 Mpala ikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, shirika lililoanzishwa Algiers na Kardinali Lavigerie mwaka wa 1868, ambalo watu wetu wanaliita Mapadri Weupe kwa ajili ya kanzu zao. Padri Isaac Moinet alipokea ngome na mamlaka yote, na akajiita kwa mzaha mfalme wa muda wa Mpala. Mzaha huo ulikuwa na ukweli ndani yake. Mapadri walihukumu kesi na kugawa mashamba, na silaha zilikuwa ndani ya ngome. Mwaka wa 1887 alifika Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa askari wa Papa, kulinda misheni dhidi ya wawindaji wa watumwa. Alioa Mkongomani, Agnes Atakaye, akabaki katika nchi hii mpaka kifo chake mwaka wa 1927.

Wanafunzi wa kwanza wa Mpala walikuwa kwa sehemu kubwa watoto waliokombolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa. Hawakuwa wa kabila moja wala lugha moja. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha, na ndicho kilichotumika kufundishia dini. Mtu wa Kalemie au Moba anayesema Kiswahili leo bila kujiuliza kimefikaje, jibu moja ni wafanyabiashara wa pwani, na jibu la pili ni shule hizi za misheni.

Lavigerie alikuwa na wazo jingine ambalo wengi hawalijui. Alichukua vijana Waafrika waliokombolewa utumwani akawapeleka kisiwa cha Malta wasomee udaktari, ili warudi wakiwa madaktari na makatekista kwa pamoja. Anayejulikana zaidi ni Adrien Atiman, aliyetekwa akiwa mtoto katika eneo la Timbuktu, nchi ya Mali ya leo. Alimaliza masomo yake Malta, akafika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880, akatibu watu hapo, ng'ambo ya Mpala, mpaka kifo chake mwaka wa 1956. Hesabu: ni zaidi ya miaka 65 ya kazi. Mwaka wa 1946 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha maisha yake alivyoyasimulia yeye mwenyewe. Wenzake wengine wa Malta walitumwa upande huu wa Kongo. Kwa hiyo wakati Wazungu wa Brussels walikuwa wanabishana kama Mwafrika anaweza kusoma sayansi, kwenye ziwa hili Mwafrika aliyesomea chuo kikuu alikuwa tayari anapasua majipu.

Walimu walioandika

Walimu wa Mpala na wa misheni za jirani walikuwa wanaandika. Kwanza waliandika diaire, yaani daftari la kila siku la misheni: nani kafika, nani kafa, mvua, njaa, simba, ugomvi wa chifu fulani na fulani. Ni kanuni ya shirika lao, kila kituo kiwe na daftari. Leo daftari la Mpala ni hazina. Kuna majina ya watu na vijiji mle ambayo hayako mahali pengine popote.

Pili, walisoma lugha. Padri Gustave De Beerst alitunga sarufi ya Kitabwa, ikachapishwa mwaka wa 1896, mwaka aliofariki akiwa bado kijana. Padri Auguste Van Acker alitoa kamusi ya Kitabwa na Kifaransa mwaka wa 1907, kupitia jumba la makumbusho la Kongo huko Ubelgiji. Mtoto wa Mtabwa anayekulia Kalemie leo, ambaye nyumbani anasikia Kiswahili tu, akitaka kujua bibi yake alikuwa anaitaje mti fulani, kamusi ya Van Acker ni mojawapo ya mahali pachache pa kutafuta.

Lakini hapa ni lazima kusema wazi: kamusi haitungwi na mtu mmoja. Padri wa Flandria hakujua Kitabwa alipozaliwa. Walimwambia maneno ni wazee, wanafunzi, wapishi, makatekista, na kwenye jalada hakuna jina lao hata moja. Tabia hiyo haijaisha. Hata sasa mtafiti anakuja, anakaa na mzee siku tatu, anaondoka na simu imejaa sauti, na kwenye kitabu mzee anakuwa "mtoa habari".

Mwanafunzi aliyeandika

Askofu Victor Roelens, Mbelgiji, ndiye aliyeongoza Kanisa la Kongo ya Juu tangu miaka ya 1890. Alikuwa mtu mgumu, maandishi yake mengi juu ya Waafrika yanaumiza kuyasoma leo. Lakini ni yeye huyo aliyeamua, mapema kuliko wenzake wengi, kwamba Wakongomani wasomeshwe mpaka wawe mapadri. Mwishoni mwa miaka ya 1890, Mpala ikawa na shule ya makatekista, na kutoka ndani yake likatoka kundi la vijana walioanza Kilatini. Hiyo ndiyo mbegu ya seminari. Baadaye masomo yalihamishiwa Lusaka (si Lusaka ya Zambia, ni Lusaka ya kwetu, ya mlimani, upande wa Moba), na seminari kuu ikawa Baudouinville, mji tunaouita Moba-Kirungu.

Katika kundi hilo alikuwemo Stefano Kaoze. Alizaliwa Marungu katika miaka ya 1880. Mwaka wenyewe haujulikani kwa hakika, kama ilivyo kwa watu wengi wa kizazi chake. Alisoma Mpala, kisha Lusaka, kisha Baudouinville. Tangu Kilatini cha kwanza mpaka upadri ilipita miaka karibu 18. Vijana wengine waliacha njiani. Tarehe 21 Julai 1917, Roelens alimpadirisha Kaoze huko Baudouinville, na ndiyo maana anaitwa padri wa kwanza Mkongomani.

Hapo panahitaji maelezo kidogo. Katika ufalme wa Kongo ya kale, upande wa bahari ya Atlantiki, mtoto wa mfalme Afonso aliyeitwa Henrique alikuwa padri, na Papa Leo X alimteua askofu mwaka wa 1518. Kwa hiyo Kaoze ni wa kwanza wa nyakati zetu, wa nchi hii kama mipaka yake ilivyo. Kumwita "wa kwanza kabisa" ni kusahau karne nne.

Hata hivyo jambo kubwa la Kaoze kwa habari ya masomo lilitangulia upadri wake. Akiwa bado mseminari, aliandika kwa Kifaransa insha iitwayo La psychologie des Bantu, ikachapishwa Brussels katika jarida la La Revue congolaise mwaka wa 1910 na 1911. Wataalamu wa fasihi wanaihesabu kuwa miongoni mwa maandishi ya kwanza kabisa ya Mkongomani kwa lugha ya Kifaransa. Ndani yake kijana wa Marungu anajaribu kueleza fikra na tabia za watu wake kwa msomaji wa Ulaya.

Ni andiko huru? Si kabisa. Sauti ya misheni inasikika. Mwanafunzi anatumia vipimo alivyofundishwa, na kuna mahali anawaangalia wenzake kwa macho ya walimu wake. Mwanafalsafa wetu V. Y. Mudimbe, aliyemsoma Kaoze kwa makini, hakumfanya shujaa asiye na doa. Lakini tuangalie tarehe. Padri Placide Tempels, Mfransisko Mbelgiji, alitoa La philosophie bantoue mwaka wa 1945 huko Elisabethville, na dunia nzima ikamtaja kama mwanzilishi wa mjadala juu ya falsafa ya Wabantu. Alexis Kagame wa Rwanda alitoa kazi yake kubwa mwaka wa 1956. Kaoze aliandika karibu miaka 35 kabla ya Tempels. Wanafunzi wangapi wa falsafa katika vyuo vyetu wanamjua Tempels kwa kichwa na hawajawahi kufungua ukurasa mmoja wa Kaoze? Sababu si ubaya wa mtu fulani. Makala ya jarida la mwaka wa 1910 haikuwa rahisi kuipata, wala haikuwa kitabu cha kuweka kwenye rafu.

Baada ya upadri, Kaoze alisafiri na Roelens mpaka Ulaya mwaka wa 1920 na 1921. Alirudi akafanya kazi ya parokia, na katika miaka ya 1930 akawa mkuu wa misheni ya Nyemba, iliyokuwa mikononi mwa mapadri Wakongomani. Mwaka wa 1947 alikuwa miongoni mwa Wakongomani wa kwanza kuketi katika Baraza la Serikali ya koloni. Alifariki Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, mwaka wa 1951.

Kuna jambo jingine. Kaoze alikusanya masimulizi ya wazee wa kwao, akaandika historia ya Bena Kilunga, ukoo unaofungamana na utawala wa kale wa Marungu. Andiko hilo halikutoka kuwa kitabu wakati wa uhai wake. Liliingia baadaye katika tasnifu ya Geneviève Nagant, mtafiti aliyefanya kazi Kalemie, juu ya Watumbwe, iliyotetewa Paris mwaka wa 1976. Yaani historia iliyoandikwa na mtoto wa Marungu ilisubiri robo karne baada ya kifo chake, ikatoka ndani ya kazi ya mtu mwingine, katika mji ambao Mtabwa wa kawaida hatafika.

Siku hizi hali ni nafuu kidogo. Profesa Maurice Amuri Mpala-Lutebele, wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ameshiriki kukusanya maandishi ya Kaoze katika kitabu kimoja, na sasa mwanafunzi anaweza kuyasoma pamoja badala ya kuyatafuta vipande vipande.

Kutoka seminari hadi chuo kikuu

Seminari ya Mpala na zile zilizofuata zilitoa watu waliosoma falsafa na teolojia miaka mingi, lakini hazikutoa diploma inayotambuliwa kama ya chuo kikuu. Hilo liliwagharimu. Chuo kikuu cha kwanza, Lovanium, kilifunguliwa Kinshasa mwaka wa 1954 kwa mkono wa Kanisa, miaka mitatu baada ya Kaoze kufariki. Cha serikali kilifuata Elisabethville mwaka wa 1956. Cha Waprotestanti kilikuja mwaka wa 1963 huko Kisangani. Wakati wa uhuru, Kongo ilikuwa na mapadri wazalendo kwa mamia, na wenye shahada za chuo kikuu wa kuhesabu kwa vidole.

Na bado, mara tu chuo kilipokuwepo, mwanafunzi alisimama mbele ya mwalimu wake. Januari 1960 pale Lovanium, Tharcisse Tshibangu, mwanafunzi wa teolojia, alibishana hadharani na mkuu wa kitivo, Alfred Vanneste. Tshibangu alitetea kwamba teolojia yenye rangi ya Kiafrika inawezekana. Vanneste alishikilia kwamba teolojia ni ya watu wote, ikishakuwa ya kweli haina rangi. Mabishano hayo yalichapishwa na yanasomwa hadi leo katika vitivo vya teolojia barani kote. Tshibangu akawa baadaye askofu na rekta. Hoja yake, ukiitazama vizuri, ni ile aliyoigusa Kaoze: je, mtu anaweza kufikiri kwa kina akianzia kwao?

Mwaka wa 1971 serikali ya Mobutu iliviunganisha vyuo vyote vitatu kuwa UNAZA. Mlango wa vyuo vya Kanisa ulifunguka tena mwishoni mwa miaka ya 1980: Université Catholique du Graben kule Butembo na Université Catholique de Bukavu zote mwaka wa 1989, kisha Université Évangélique en Afrique kule Bukavu mwaka wa 1991. ULPGL ya Goma ilikuwa imetangulia, mwaka wa 1985. Chuo cha Shalom cha Bunia kina mizizi katika shule ya teolojia ya mwaka wa 1961. Graben ina jarida lake, Parcours et Initiatives, ambapo maprofesa wake wanachapisha. Kuendesha jarida mahali ambapo umeme unakatika na vita vinasogea si mchezo.

Kusini, jimbo letu la Tanganyika limekuwa linapeleka watoto wake Lubumbashi zaidi. Katika miaka ya 1970, idara ya historia huko ilikuwa na jarida lililoitwa Likundoli. Kazi nyingi za wanafunzi wa zamani wa vyuo vyetu zimelala kwenye rafu za idara, nakala moja au mbili, zimefungwa kwa kamba.

Watafiti wa kigeni na deni lao

Kati ya mwaka wa 1974 na 1977, Mmarekani Allen Roberts na Christopher Davis waliishi Lubanda, wakajifunza lugha, wakakaa na wazee na waganga. Davis alitoa mwaka wa 2000 kitabu juu ya magonjwa na tiba za Watabwa. Roberts, aliyefundisha Los Angeles, alitoa mwaka wa 2013 A Dance of Assassins, kitabu juu ya Lusinga na Storms. Ubora wake ni kwamba hakusoma makaratasi ya Storms peke yake. Aliweka pembeni yake yale ambayo watu wa Lubanda wenyewe walikuwa bado wanasimulia miaka 90 baada ya tukio, na mara nyingi hayafanani. Msomaji anaona namna kila upande unavyojipendelea.

Kitabu ni cha Kiingereza, na bei yake si ya mfuko wa mwanafunzi wa Kalemie. Ndiyo shida yenyewe. Simulizi ilitoka Lubanda kwa mdomo, kwa Kitabwa na Kiswahili. Haijarudi kwa lugha hizo.

Mwaka wa 2018 waandishi wa habari wa Ubelgiji waliibua tena habari ya fuvu la Lusinga, lililokuwa limehamishwa mwaka wa 1964 kutoka Tervuren kwenda taasisi ya sayansi asilia mjini Brussels. Watu wa ukoo wake hapa Kongo walidai lirudishwe. Juni 2022 sanamu ya Storms iliondolewa kwenye bustani moja ya Brussels. Mwaka huo huo Ubelgiji ilipitisha sheria ya kurudisha mali zilizochukuliwa wakati wa ukoloni, ila sheria hiyo haikuingiza mabaki ya binadamu. Mtu anaweza kuuliza: sanamu ya mbao inahesabika, kichwa cha mtu hakihesabiki? Watunga sheria walisema mabaki ya watu yanahitaji utaratibu wake wa pekee. Hapa ukoo unahitaji wasomi wake. Familia inapodai, inaulizwa ushahidi: nani ni mzao wa nani, boma lilikuwa wapi, mazishi ya chifu yanafanywaje. Majibu yako kwa wazee, kwenye diaire, na kwenye maandishi kama yale ya Kaoze juu ya koo.

Kinachoweza kufanywa kutoka hapa

Kwa mwanafunzi wa Kalemie, Moba, au Bukavu anayetafuta mada ya kazi ya kumaliza masomo, Mpala ina mengi kuliko "umuhimu wa kanisa katika maendeleo ya kijiji", mada ambayo walimu wameisoma mpaka wamechoka. Majina ya mashamba na makaburi kando ya Lufuku yaandikwe na kulinganishwa na diaire. Kiswahili cha Mpala kinafaa kusikilizwa: maneno gani ya Kitabwa yamebaki ndani yake? Nyimbo za kanisa za zamani zilitungwa na makatekista gani? Na wanawake: Mpala ilikuwa na wasichana waliokombolewa pia, walioolewa na vijana wa misheni, na wajukuu wao wapo. Habari zao zimeandikwa kidogo kuliko zote.

Makaratasi ya Storms yako Tervuren. Ya Mapadri Weupe yako kwenye nyumba kuu ya shirika, Roma. Siku hizi barua pepe iliyoandikwa vizuri, yenye sahihi ya profesa anayeongoza kazi, inaweza kufungua mlango ambao zamani ulihitaji tiketi ya ndege. Lakini aanze na yaliyo karibu. Vitabu vya ubatizo na ndoa vya parokia za diosezi ya Kalemie-Kirungu vina majina ya wazazi, kijiji, na mwaka. Aende kwa padri wa parokia na barua ya chuo, aeleze anachotafuta, asikubali kuazima kitabu akaondoka nacho. Apige picha pale pale, kwa ruhusa.

Kwa mzee aende tofauti. Akifika na daftari mkononi na maswali kumi, atajibiwa mafupi. Mzee naye ana swali lake: "Mwanangu, hii mambo ya zamani unaitafutia nini? Na ile utaandika, mimi nitaiona wapi?" Swali la pili ndilo lenye uzito. Jibu la haki ni kumwekea jina lake kwenye kazi kama akikubali, kurudi kumsomea kilichoandikwa kabla ya kutetea, na kuacha nakala moja kijijini, kwenye shule au parokia.

Muda hauko upande wa mtu. Tangu mwaka wa 2020 maji ya ziwa yamepanda sana, nyumba za ufukoni Kalemie na Moba zimezama, na makaratasi yaliyokuwa chini yamelowa. Mchwa wanafanya kazi yao kila siku. Vita vya miaka ya 2016 hadi 2018 katika jimbo viliwatawanya watu wa vijiji vingi, na mzee aliyehamishwa anafia mbali na milima anayoijua majina yake. Wale waliokuwa vijana Lubanda wakati Roberts na Davis walipokuwa wanauliza maswali, leo wana miaka zaidi ya 65.

Mwenye nakala ya zamani nyumbani, iwe daftari la katekista, picha, barua au cheti cha ubatizo, asiichome wala kuifungia karanga. Aipeleke kwa padri wa parokia au kwa mwalimu wa chuo ipigwe picha, kisha arudi nayo nyumbani.